Sarakasi Haikuzaliwa Sokoni

Limeenea siku hizi fundisho moja katika vyuo vinavyosomesha biashara, nalo limeanza kurudiwa hata na watu waliopewa dhamana ya kugawa fedha za elimu na utamaduni. Fundisho lenyewe ni hili: sanaa yenye thamani hujilisha yenyewe, na sanaa isiyoweza kujilisha haistahili kuishi. Mwenye kulisema akiombwa ushahidi, aghalabu hutaja kampuni ya sarakasi ya Kanada iitwayo Cirque du Soleil, maana yake Sarakasi ya Jua. Husema: watazameni hawa. Walikuwa wachezaji wa barabarani wasio na kitu. Hawakungoja ruzuku wala huruma ya mtu. Walibuni bidhaa ambayo haikuwapo, wakauza tiketi katika miji mikubwa ya dunia, wakatajirika. Basi mshairi, mcheza ngoma na mtunzi wa tamthilia nao waende wakafanye vivyo hivyo. Na wasipoweza, wanyamaze.

Nakusudia kuonyesha kwamba ushahidi huo, ukisomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, wamshitaki yule yule aliyeuleta barazani. Historia ya maonyesho ya Sarakasi ya Jua ni historia ya fedha za umma, ya shule, na ya ujuzi uliorithiwa kwa mataifa mengi. Soko lilifika baadaye, likakuta chombo kimekwisha undwa na kushushwa majini. Na soko lilipoachiwa usukani peke yake, kilichofuata ni deni, na walioanza kutoswa ni mabaharia.

Kitabu kilichoeneza sana fundisho ninalolipinga ni Blue Ocean Strategy cha W. Chan Kim na Renée Mauborgne, kilichotoka mwaka 2005. Waandishi hao waliianza hoja yao kwa mfano wa Sarakasi ya Jua. Walisema, kwa muhtasari, kwamba kampuni hiyo haikushindana na sarakasi za zamani. Iliacha wanyama na gharama zao, ikaacha nyota wa kulipwa fedha nyingi, ikaazima hadithi, muziki na mavazi ya jukwaa la tamthilia, na kwa njia hiyo ikajipatia bahari tulivu isiyo na mshindani. Ni maelezo mazuri kwa muuza bidhaa. Kwa mwanahistoria yana kasoro kubwa, kwa kuwa yanaisimulia bahari bila kuwataja waliosafiri ndani yake zamani.

Sarakasi ya sasa ilianza na farasi. Philip Astley, aliyekuwa askari wa farasi, alianza kuonyesha ufundi wake London mwaka 1768, na kutokana na mbio za farasi zikapatikana futi 42, ambazo hata leo ni kipimo cha kawaida cha duara ya sarakasi. Kwa muda mrefu baada yake wanyama walikuwa ndio kivutio kikuu. Lakini wazo la kuisimamisha sarakasi juu ya mwili wa binadamu, juu ya muziki na juu ya hadithi, halikuzaliwa Québec. Umoja wa Kisovieti ulifungua shule ya sarakasi Moscow mwaka 1927, ukaihesabu sarakasi kuwa sanaa ya kusomewa kama muziki. Ufaransa, katika miaka ya 1970, Annie Fratellini, binti wa ukoo mashuhuri wa wachekeshaji, alifungua shule ili ujuzi uliofichwa ndani ya koo za wanasarakasi uwafikie watoto wa watu wote. San Francisco, katikati ya miaka hiyo hiyo, Pickle Family Circus ilikuwa ikicheza bila simba wala tembo. Melbourne, mwaka 1978, Circus Oz ilifanya vivyo hivyo. Wakati Sarakasi ya Jua inapiga hema lake la kwanza, njia ilikuwa imekwisha kanyagwa. Anayesema njia hiyo ilivumbuliwa na hesabu za mfanyabiashara mmoja awadhulumu waliotangulia.

Tuje sasa Québec kwenyewe. Mji mdogo wa Baie-Saint-Paul ulikuwa na kikundi cha vijana waliotembea juu ya mironjo, waliotema moto, waliorusha na kudaka vitu, na waliopiga muziki. Kiongozi wao alikuwa Gilles Ste-Croix. Mwaka 1980 Ste-Croix alitembea juu ya mironjo kutoka Baie-Saint-Paul mpaka mji wa Québec, mwendo wa kilomita 90 hivi. Watu wengi wameisikia habari hiyo kama kioja cha ujana. Wachache huuliza alikuwa akienda kufanya nini. Alikuwa akienda kuishawishi serikali ya jimbo isaidie kikundi chake. Nayo ilikubali. Hivyo basi tendo la kwanza mashuhuri katika nasaba ya kampuni hii, inayotajwa leo kuwa mfano wa kutoihitaji serikali, lilikuwa ni kwenda kwa miguu ya miti kuomba fedha za serikali.

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Guy Laliberté, mpiga kodiani na mtema moto, aliyezaliwa mwaka 1959. Mwaka 1984 Québec ilikuwa ikiadhimisha miaka 450 tangu kufika kwa Jacques Cartier, na vijana hao walipendekeza kuzunguka jimbo lote na sarakasi. Wakubwa wa serikali hawakuwa wote wepesi wa kukubali. Waziri Mkuu wa jimbo, René Lévesque, aliwaunga mkono, na ruzuku ya zaidi ya dola milioni moja ikatolewa. Safari hiyo ya kwanza ilipita katika miji 11 kwa majuma 13, kuanzia Gaspé. Hema lilikuwa na nafasi za watu 800. Tena lilianza kwa mkosi: maji ya mvua yalijaa juu yake, mlingoti wa kati ukavunjika, nalo likaanguka. Mwenye duka angalifunga hesabu siku hiyo. Waliokuwa na mkataba wa kuwaburudisha wananchi katika sherehe ya wananchi walilisimamisha tena wakaendelea.

Mwaka uliofuata walitoka nje ya jimbo lao wakaenda Ontario, na huko ndiko walikokutana na soko bila ya mwamvuli. Watu hawakuja. Deni likafika dola 750,000 hivi. Chama cha akiba na mikopo cha Desjardins, ambacho ni mali ya wanachama wake, kilizibeba hundi zao zilizokosa fedha, na serikali ya Québec ikatoa msaada wa kuwafikisha mwaka mwingine. Namwomba msomaji asimame hapa kidogo. Kanuni tunayohubiriwa, ya kwamba kisichojilisha na kife, kama ingalifuatwa mwaka 1985, pasingalikuwa na Sarakasi ya Jua ya kutuhubiria. Pangalikuwa na hema lililouzwa kwa mnada, na vijana wachache waliorudi kucheza barabarani.

Mahubiri hupenda zaidi kisa cha mwaka 1987. Kampuni ilialikwa katika tamasha la sanaa la Los Angeles. Laliberté alikubali kucheza kwa kutegemea mapato ya mlangoni, ilhali hapakuwa na fedha za kununulia petroli ya kurudi nyumbani iwapo watashindwa. Walifaulu, na kutoka usiku ule mlango wa Marekani ukafunguka. Siwezi kuudharau ushujaa huo, na wala sioni haja. Lakini kitu gani kilichowekwa mbele ya watazamaji wa Los Angeles usiku ule? Kilikuwa ni onyesho lililopikwa kwa miaka mitatu kwa kuni za umma. Mcheza kamari wa kweli huweka mezani kilicho chake. Pale mezani palikuwa pamewekwa pia kodi ya mvuvi wa Gaspé na ya mkulima wa Charlevoix.

Zaidi ya fedha palikuwa na shule. Mwaka 1981, miaka mitatu kabla ya Sarakasi ya Jua, Guy Caron na Pierre Leclerc walianzisha shule ya taifa ya sarakasi Montréal. Caron alikuwa amesoma katika shule ya sarakasi ya Budapest, mahali ambapo dola yenyewe iligharimia mafunzo. Ndiye aliyekuwa mwelekezi wa kwanza wa sanaa katika kampuni changa, naye aliingia na wanafunzi wake na mbinu zake. Faida ilipoanza kupatikana, Caron na Laliberté walitofautiana: mmoja alitaka fedha zihifadhiwe na sehemu yake iirudie shule ya sarakasi, mwingine alitaka zianzishe onyesho jingine. Caron akaondoka mwaka 1988. Alirudi baadaye kuelekeza Dralion, onyesho la mwaka 1999 lililojengwa juu ya ujuzi wa wanasarakasi wa China.

Na hao wa China walitoka wapi? Walitoka katika vikundi na vyuo vilivyolelewa na serikali, ambamo mtoto hufundishwa kwa miaka mingi kabla ya kusimama mbele ya watu. Kadhalika wale warukaji na wapembeaji waliotoka Urusi na Ukraine baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, pamoja na wanamichezo wa viungo waliokwisha nolewa na mataifa yao kwa ajili ya mashindano ya Olimpiki. Mwili wa mwanasarakasi hauundwi kwa msimu mmoja. Huchukua miaka kumi au zaidi ya mazoezi, na katika miaka hiyo hauingizi hata senti. Hakuna mwenye hisa anayeweza kungoja mtoto wa miaka minane mpaka afike ishirini. Wanaoweza kungoja ni wazazi, koo na dola. Kampuni ilivuna katika mashamba ambayo haikuyalima, nayo haikosi haki ya kuvuna. Ila mvunaji asijiite mkulima, wala asituamuru tuyaache mashamba yageuke msitu.

Haki yapasa kutendwa, hata kwa yule tunayebishana naye. Maonyesho yaliyofuata yalikuwa na uzuri usiokanushika. Saltimbanco la mwaka 1992, Alegría la 1994 na Quidam la 1996, yote yakielekezwa na Franco Dragone, yalizunguka dunia kwa miaka ishirini au karibu yake. Yaliwafanya watu wasioelewa lugha moja walie na kucheka pamoja. Kampuni ilianzisha mwaka 1995 mpango wa kuwafundisha sarakasi vijana wa mitaani katika nchi mbalimbali, na Montréal ikapata mtaa mzima wa sanaa hiyo pembeni mwa jaa la zamani la takataka. Laliberté alikuwa na jicho la kuchagua na moyo wa kuthubutu. Sisemi biashara haikuongeza kitu. Nasema haikuanza kitu, na kwamba kile ilichokiongeza ilikidai tena kwa riba.

Dalili za kudaiwa zilionekana kwanza katika maonyesho yenyewe. Hema lilikaa katika mji majuma mengi. Watu wa mji walilizoea, walirudi mara ya pili, nao wachezaji walipata kujua walipo. Kuanzia mwaka 2007 Saltimbanco lilitolewa hemani likapelekwa katika kumbi kubwa za michezo, likihama mji takriban kila juma, na mengine yakafuata njia hiyo. Huko Las Vegas, ambako kampuni ilikuwa na onyesho la kudumu tangu mwaka 1993, maonyesho yaliongezwa moja baada ya moja mpaka kampuni ikawa inashindana na nafsi yake. Jina la mtu maarufu likaanza kufanya kazi iliyokuwa ya fikira: Beatles mwaka 2006, Elvis Presley mwaka 2010, Michael Jackson mwaka 2011. La Elvis lilifungwa mwaka 2012. Mwaka huo huo lilifungwa onyesho la Macau, na la Tokyo lilikuwa limekwisha fungwa mwaka uliotangulia. Mapema mwaka 2013 watu 400 hivi waliachishwa kazi. Bahari tulivu ilikuwa imechafuka, na aliyeichafua ni yule aliyesifiwa kwa kuigundua.

Mwaka 2015 Laliberté aliuza sehemu kubwa ya kampuni kwa TPG ya Marekani, wakiwamo pia Fosun ya China na mfuko wa akiba za uzeeni wa Québec. Thamani iliyotajwa ilikuwa karibu dola bilioni 1.5 za Marekani. Yeye alibakiza asilimia kumi, nayo akaiuza mwezi wa Februari 2020. Katika miaka hiyo mitano kampuni ilinunua kampuni nyingine za burudani, Blue Man Group mwaka 2017 na nyingine baada yake, huku deni likikua. Mwezi wa Machi 2020 maradhi ya korona yalipofunga milango ya dunia, maonyesho 44 yalisimamishwa, na watu 4,679, ndio asilimia 95 ya wafanyakazi wote, wakapewa likizo isiyo na malipo. Tarehe 29 Juni kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikiwa na deni la karibu dola milioni 900, na wafanyakazi wapatao 3,480 wakaachishwa kabisa. Kabla ya mwisho wa mwaka huo wadai wenyewe wakawa ndio wenye kampuni.

Na katika miezi ile ya dhiki, milango ya nani ilibishwa hodi? Serikali ya Québec ilikuwa tayari kukopesha hadi dola milioni 200 za Marekani. Mkopo huo haukutumika, kwa kuwa wadai walishinda kwa njia yao. Lakini ulizungumzwa bila aibu na watu ambao, kama mshairi angaliomba hata sehemu yake ndogo kabisa, wangalimsomea kurasa za Kim na Mauborgne.

Najua nitajibiwa kwamba maradhi yale yalimwangusha kila mtu, na kwamba hema lililofungwa kwa amri ya daktari haliwezi kumhukumu mfanyabiashara. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Maradhi ndiyo yaliyofunga hema. Lakini deni halikuletwa na maradhi. Deni lilichukuliwa katika miaka ya neema, wakati viti vimejaa. Kampuni yenye akiba ingaliweza kuvuka miezi kadhaa na watu wake. Kampuni iliyokwisha wekwa rehani haikuwa na cha kuuza ila watu wake. Mwaka 2021 maonyesho ya Las Vegas yalianza tena, na waliobaki na nguvu wakarudi angani. Wengine walikuwa wamekwisha pita umri. Mtoa mkopo aweza kungoja mwaka mmoja na nusu na fedha zake zikaongezeka. Goti la mrukaji halingoji.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, nalo ni zito kuliko hesabu. Mtaji wa sarakasi ni mwili wa mtu mzima mwenye jina na jamaa. Mwaka 2013, Las Vegas, msanii wa kampuni hii alianguka mbele ya watazamaji akafa, na mwaka 2018, Tampa, mwingine akafa vivyo hivyo. Sidai kwamba soko liliwasukuma. Hatari imo katika sanaa hii tangu siku za Astley, nao wanaoichagua huichagua wakijua. Ninachodai ni kwamba mtu anayetoa mwili wake namna hiyo hawezi kuhesabiwa kama gharama inayopunguzwa biashara ikidorora. Fundisho linaloona sarakasi kuwa bidhaa tu halina nafasi ya kuandika jambo hilo katika daftari lake, na daftari lisilo na nafasi hiyo halifai kutumiwa kupimia sanaa yoyote.

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya Kanada. Neno lenyewe sarakasi limo vinywani mwetu, ingawa siku hizi tumelizoea zaidi tunapowasema wanasiasa. Katika miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sanaa hii, na waliporudi likaundwa kundi la taifa la sarakasi, mwaka 1969. Kundi hilo halikudumu. Vikundi vya taifa vilivunjwa, na Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha anguka. Vikundi vya burudani vya Dar es Salaam, kama Muungano, viliiingiza sarakasi katika maonyesho yao ya jioni pamoja na ngoma, taarabu na maigizo, na watu wakalipa kiingilio kuitazama. Utaratibu ni ule ule wa Québec: kwanza umma uligharimia mafunzo, kisha soko likapata cha kuuza. Tofauti ni kwamba wenzetu waliendelea kuitunza shule yao, ilhali huku kwetu kuna wanaoona shule ya sanaa kuwa anasa, kisha wakashangaa kwa nini hatuna Sarakasi ya Jua.

Nawaelekea basi wanafunzi wenzangu na walimu wetu. Mtaletewa mfano huu katika mijadala ya mitaala na katika mikutano ya bajeti, na utaletwa na watu wenye tarakimu. Msiukimbie. Uulizeni habari zake zote: nani alilipa hema la mwaka 1984, nani alilipa deni la mwaka 1985, nani alimfundisha mrukaji, na nani aliachwa barabarani mwaka 2020. Kisha ulizeni ni wapi katika nchi yetu panapofundishwa leo mtoto ambaye kesho atasifiwa kwamba amejitengeneza mwenyewe. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Wenye kutuhubiria wanatuonyesha chombo kinachoelea na kutuambia tuvunje viwanda vya maseremala. Tukiwatii, hatutakuwa na chombo cha kuuza wala cha kusafiria.